Oili Sili na Sinki la Mama Watoto

Baba watoto alichovya kidole kwenye doa chini ya gari, akanusa, akatangaza: "Nyekundu. Hii ya giaboksi. Oili sili ya shafti imechoka." Nikamwambia fundi yupo pale kona. Bahati mbaya shemeji yangu alikuwepo, na tayari alishashika jeki.

Sili yenyewe walinunua Gerezani, tena kwa bei ya kawaida tu: pete ya mpira inayotosha kiganjani, na nyuma ya mdomo wake umezungushwa uspringi mwembamba unaoubana mpira kwenye shafti. Kuifikia ndiyo kazi. Nati ya habu iligoma mpaka shemeji akapanda juu ya mpini wa spana akaanza kuruka. Wapangaji wakatoka nje na viti vyao. Ushauri ulikuwa mwingi, mikono michache.

Wakafungua boljointi, wakavuta habu pembeni, wakaibenjua shafti kwa mtaimbo. Ile ina kiringi huko ndani, haitoki kwa kubembelezwa. Tap! Ikachomoka, na oili nyuma yake, maana hakuna aliyekumbuka kuimwaga kwanza. "Chombo! Leteni chombo!" Mwanangu mdogo, ambaye nikimtuma hanisikii, safari hii alitii kwa mbio. Akarudi na sufuria yangu ya pilau.

Nilinyamaza. Mama mkwe alikuwa mkekani anachambua mchele, na mwanawe ni mwanawe.

Sili mpya haipigwi nyundo ovyo. Ikiingia upande, inavuja upya. Inataka kitu cha duara kinacholingana nayo, uigonge taratibu izame sawasawa. Wakajaribu kopo la maziwa, likabonyea. Shemeji akaingia ndani kunywa maji, akatoka na kipande cha bomba la plastiki, akakisifu sana. Kweli kililingana. Wakapaka grisi mdomo wa sili, wakarudisha shafti polepole isiuchane, wakajaza oili kupitia tundu la kijiti cha kupimia, wakawasha, wakaondoka kwenda kulijaribu gari.

Mimi nikaibeba sufuria jikoni, nikamwagia maji ya moto na sabuni nyingi, nikaanza kuisugua sinkini. Maji yote yakashukia miguuni kwangu. Nikachungulia chini ya sinki, halafu nikapiga simu.

"Mama watoto," akasema kwa furaha kabla sijafungua mdomo, "halivuji hata tone!"