Waraka kwa Wafadhili wa Vituo vya Yatima

Gisenyi, Rubavu

Waheshimiwa wafadhili,

Kazi yangu ni kuwatafutia watoto familia za kuwalea na kuwafuatilia humo. Mnapofika hapa kando ya Ziwa Kivu na magunia ya mchele mkiulizia kituo cha yatima, tunawapokea kwa shukrani. Lakini kuna neno ambalo haya imetuzuia kuwaambia.

Mwaka 2012 serikali ya Rwanda iliamua kuwatoa watoto vituoni. Ukaguzi wa wakati huo ulikuta watoto na vijana 3,323 katika vituo 33, na wengi wao walikuwa na ndugu walio hai. Umaskini uliwafikisha huko, na ukarimu wenu ukawakalisha. Kituo cha Noël, hapa jirani Nyundo, kililea mamia. Tangu hapo watoto wamekuwa wakirudishwa kwa jamaa, au kupewa walezi wa kujitolea tunaowaita Malayika Murinzi.

Mlipoona vitanda vitupu, wengi wenu mliaga. Lakini hapo ndipo kazi ilipoanza. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Mtoto aliyekulia kituoni huketi mbele ya sahani ya viazi na samaki wa sambaza asile, anangoja kengele ya chakula. Usiku huficha kiazi chini ya mto. Mama mlezi akikikuta, hudhani ameletewa mwizi. Hapo lazima mtu aende akae naye, amweleze, arudi tena, atazame mtoto analala wapi, daftari zake zikoje, na kama wenzake nyumbani wanamwita kwa jina. Ziara hiyo haipigiki picha. Sishangai kwamba ni vigumu kuipatia mfadhili.

Nasikia wengine, mkikosa kituo huku, huvuka mpaka kukitafuta Goma. Vita vimetenganisha watoto wengi na wazazi wao huko, ni kweli. Ila mtoto wa Goma naye ana shangazi. Fedha ya bweni jipya ingetosha kumtafuta.

Basi nawaomba: lipeni bima ya afya ya nyumba nzima, si ya mtoto mmoja. Nunueni sare. Gharamieni nauli ya Inshuti z'Umuryango, mwanamume na mwanamke wanaojitolea katika kila kijiji kuzitembelea familia. Na mkija, msiombe kuonyeshwa mtoto. Muulizeni mlezi wake amepungukiwa nini.

Wenu katika malezi,
Mfanyakazi wa ustawi wa jamii