Kanga ya Mtu Asiyejali

Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vya namna moja, kila kimoja kikiwa na urefu wa karibu mita 1.5 na upana unaozidi kidogo mita 1. Kila kipande kina pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulioko katikati, na jina, yaani maneno machache yaliyochapwa juu ya pindo la chini. Vazi hili lilishika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19. Majina yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa sana kuwa ndiye aliyeyaanzisha ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye kanga zake hujulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Kabla ya hapo kanga ilikuwa ikisitiri tu. Tangu hapo ikaanza na kusema.

Yapo majina ya dua, ya mapenzi, ya nasaha na ya kumsifu mama. Yapo pia ya kutangaza kwamba mvaaji hababaishwi na maneno ya watu: "Wasemao na waseme", au "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Ukiyasoma, mwenye kanga hiyo anaishi kwa lile analoliamini, na majirani wana ruhusa ya kusema mpaka wachoke. Ukiyaona yakivaliwa, ni vigumu kupata vazi linalowahitaji majirani kuliko hilo.

Haja hiyo huanzia dukani. Mnunuzi wa kawaida hutazama rangi, hupapasa pamba na kuuliza kama itachuja. Mnunuzi asiyejali watu humfungulisha muuzaji doti baada ya doti, na huweza kuondoka na rangi asiyoipenda kabisa alimradi jina limepiga panapouma. Kisha kanga hupelekwa kwa fundi kukatwa na kupindwa, na kuvaliwa husubiri siku inayofaa. Siku inayofaa si ya kukaa peke yake ndani. Ni siku maji yanapotoka, uani pamejaa ndoo na wenye ndoo, na mlengwa yumo.

Hapo ndipo matatizo hujitokeza. La kwanza ni la mwili wenyewe. Kanga ikifungwa kiunoni, jina huangukia nyuma, kwa hiyo mvaaji ndiye mtu pekee asiyeweza kulisoma wala kuona nyuso za wanaolisoma. Hulazimika kupita mara mbili, kuinama kuokota kitu kisichokuwepo na kugeuka ghafla kana kwamba ameitwa. Mikunjo nayo haina adabu: "Wasemao na waseme" ikikunjwa vibaya hubaki "na waseme", na uani mzima hujiuliza waseme nini.

La pili ni la walengwa. Fumbo halina anwani. Aliyekusudiwa huenda hana habari, au siku hiyo amekwenda kwa dada yake, huku jirani wa chumba cha pili, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akilipokea lote na kukosa usingizi. Wala hawezi kuuliza, kwa sababu anayeuliza amekiri kwamba fumbo ni lake, na jibu la mvaaji liko tayari: yeye kapenda rangi tu. Utaratibu huu humlinda kila mtu isipokuwa pale alipo mtoto wa darasa la kwanza aliyeanza kujua kusoma. Huyo husimama nyuma ya mvaaji, akakokota silabi kwa sauti, "Wa-se-ma-o na wa-se-me," kisha akauliza ni akina nani hao.

La tatu ni la haraka. Kanga ni vazi la msibani, hospitalini na safarini, na aliyepigiwa simu usiku hachagui. Huvuta iliyo juu. Hivyo hutokea mwanamke akakaa katika kikao cha mirathi, mpole, kichwa ameinamisha, mabegani amejitanda "Japo sipati tamaa sikati". Ndugu zake husoma. Mwanamume naye huingia dukani akavutiwa na maua mekundu, akamnunulia mama mkwe doti nzima bila kutazama chini, na zawadi ikafunguliwa mbele ya mashangazi wote: "Majivuno hayafai". Maelezo kwamba alipenda maua hayajawahi kumwokoa mkwe yeyote.

La nne ni la fedha. Kanga ya fumbo hujibiwa kwa kanga. Anayehisi amesemwa hurudi baada ya siku mbili na "Hasidi hana sababu", na wa kwanza hawezi kunyamaza, maana kunyamaza ni kushindwa. Ugomvi ukikolea, nyumba mbili ambazo haziogopi maneno ya watu huwa zimeweka fedha za matumizi katika maneno hayohayo. Wanaofaidika ni muuza duka, fundi cherehani na wapita njia wanaosoma bure.

Kuwapo kwa kanga hizi hakumaanishi kwamba kuishi kwa msimamo wako ni jambo lisilowezekana. Kunaonyesha tu kwamba msimamo huo hautangaziki: kila unapotangazwa, huomba msikilizaji, na msikilizaji huyo ndiye aliyesemwa kuwa hana maana. Anayeishi kwa anachokiamini huonekana kwa mambo mengine. Ni yule aliyeozesha binti yake kwa pilau ya sufuria moja kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho, hakukopa kukodi ukumbi, na watu wakasema kweli, wakasema sana, wala hakuvaa jibu. Ni yule anayeuza mandazi mbele ya nyumba ya shemeji yake mwenye cheo, kwa sababu hapo ndipo wanapopita wanafunzi.

Mtu huyo kanga anazo, na huzifanyisha kazi zote: mbeleko, shuka, kata ya kubebea ndoo, kifuniko cha bakuli, na zikichakaa, tambara la kudekia. Nyingine alipewa kwenye kampeni, akavaa Jumatatu ya chama hiki na Jumanne ya chama kile, kwa kuwa zote zilikuwa safi. Kumtambua si kazi. Akiulizwa kanga yake imeandikwaje, hajui. Hulivuta pindo mbele, akaligeuza, akasoma pamoja na aliyemuuliza.