Mpunga wa Sebuleni

Mama Neema ndiye aliyefungua daftari. Vyumba vyetu viwili hapa Magu mjini ni 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hupokea ya miezi sita kwa mkupuo. Mwaka ni 720,000. Fundi alikadiria nyumba ya vyumba vitatu 24,000,000, choo hakimo. (Sijaona fundi anayekumbuka choo.) Mke wangu akagawanya.

"Baba Neema, kwa hela hiyo tunapanga miaka 33 na miezi minne."

Ningenyamaza, ila LUKU ilikuwa imenikaa rohoni. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye umeme, ikaanza na 1,000 kwa mwezi, ikapanda 1,500. Ninunuapo umeme mimi mpangaji, nalipia jengo la mwenzangu. Nikaapa kulipia la kwangu.

Nikapata kiwanja cha bei poa, bondeni kuelekea ziwani. Dalali alisema mwenyewe ana shida. Hakusema ni shida gani.

Baba mkwe alipokuja kutoka Kahangara hakuuliza hati. Alichota udongo, akaufinyanga kidogo, ukabaki umeshikamana kama ugali.

"Mkwilima, hapa walikuwa wanalima nini?"

"Mpunga, baba."

"Hii ni mbuga. Nyumba inakaa kwenye luseni, penye mihogo na karanga. Mbuga ina kiburi: ikinywa maji inavimba, ikikauka inapasuka mpaka mkono unaingia."

Nikamkaribisha soda. Ualimu wangu wa miaka kumi na mbili ufundishwe na kiganja cha udongo?

Agosti tukachimba msingi, mawe, saruji, kozi tatu za tofali za kuchoma. Akiba yote ikaishia hapo. Mvua za Novemba ziliponyesha, kona ya chumba cha watoto ilinyanyuka taratibu kama mtu anayeamka usingizini, ukuta ukachanika. Fundi akaja, akakuna kichwa. Dawa ni kuondoa udongo wote mweusi, kujaza moramu na kuongeza nondo: 4,000,000.

"Miaka mitano na nusu mingine," akasema Mama Neema, kalamu ikiwa bado mkononi.

Vyura wakahamia. Usiku, nikipita na baiskeli, niliwasikia wakijadiliana sebuleni kwangu. Januari mke wangu hakuniaga. Alichukua jembe na miche ya mpunga ya jirani. Kuta zile zilizonifilisi zilishika maji kuliko jaluba lolote la bonde lile. Hata mimi nilipalilia, chumbani kwetu, nikikanyaga pale nilipokusudia kuweka kitanda.

Kiwanja kizima tulivuna magunia mawili. Sebule ilitoa karibu nusu debe.

Julai mwenye nyumba akaja kudai kodi. Hela haikutimia, Mama Neema akamtolea gunia moja lifidie mwezi mmoja. Mzee akafungua mdomo wa gunia, akatafuna punje mbili.

"Mpunga mzuri. Mmelima wapi?"

"Nyumbani kwetu," akajibu Mama Neema.