Kisingizio, Mbia Asiyedai Gawio

Wajuzi wa maneno wamesifu mengi kwa Kiswahili: majahazi, minazi, mabibi harusi, hata timu za mpira zilizoshuka daraja. Kisingizio hajapata msemaji. Anaingia kila nyumba, anakula kila sahani, lakini akitajwa hadharani kila mtu anamkana. Mimi niliyefanya naye ubia kwa miaka sita naona haya kuendelea kunyamaza.

Ubia wetu ulikuwa wa siagi ya karanga. Naandika "ulikuwa" kwa sababu sarufi hainipi namna nyingine. Siagi yenyewe haikuwapo. Palikuwa na jina la biashara. Palikuwa na nembo aliyonichorea kijana mmoja wa Sinza, na kadi mia mbili zenye cheo changu cha Mkurugenzi Mtendaji. Katika muda wote huo Kisingizio hakudai gawio, hakuomba kuona vitabu vya hesabu, wala hakuniuliza mzigo unatoka lini. Umeme ukikatika, wafanyakazi wengine wanakaa. Yeye ndiyo kwanza anaamka. TRA hawajapata namna ya kumtoza kodi. Mtaji wake wote ni ulimi.

Tuanze na nasaba, kama ilivyo ada ya kumsifu mtu. Ana ndugu yake aitwaye Udhuru, mtu wa heshima zake, mwenye asili ya Kiarabu na anayetambulika msikitini: mgonjwa na msafiri wanaruhusiwa kula mchana wa Ramadhani kwa udhuru, na siku zile watazilipa baadaye. Kisingizio halipi kitu. Jina lake limetokana na kusingizia, yaani kumtwisha mtu kosa asilolitenda. Ndiyo kusema kila Kisingizio anaposimama kutoa ushahidi, pana mtu au kitu kinapelekwa rumande bila kesi. Ningewahesabu wote niliowaweka ndani kwa miaka ile sita, gereza la Ukonga lisingetosha.

Mfungwa wangu wa kwanza alikuwa Mtaji. Huyu ni rahisi kumsingizia kuliko wote, maana hana simu, hana wakili, na kila unayemweleza kwamba hayupo anatikisa kichwa kwa huzuni, kwa kuwa hata kwake hayupo. "Tatizo mtaji." Maneno mawili tu, na mazungumzo yamekwisha. Kwa muda mrefu hakuna aliyeniuliza mtaji wa kiasi gani. Siku mtu mmoja aliponiuliza, nilikohoa. Ukweli ni kwamba karanga kilo tano za kununua soko la Tandale, hela ya kusagia kwenye mashine ya jirani, na dazeni ya chupa za Kariakoo vilikuwa havifikii nusu ya bei ya simu niliyokuwa naitumia kulalamikia mtaji.

Mfungwa wa pili alikuwa Umeme. Mwishoni mwa 2023, mgao ulipokolea, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Mbagala. Majirani wakilia samaki kuoza kwenye friji, mimi nilikaa gizani na dhamiri nyeupe: utakaangaje karanga, utasagaje, katika nchi isiyo na umeme? Kwamba karanga hukaangwa kwa mkaa, na kwamba hata mashine ya kusagia haikuwa yangu, ni mambo ambayo Kisingizio kwa adabu zake hakuyagusa. Kisha Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ukawashwa. Ikafuata mingine. Iko tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Watu walishangilia. Mimi nilikaa matanga.

Wa tatu alikuwa Serikali, ambaye amezoea. Halmashauri zinatenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mpangilio wa 4-4-2 kabisa, kama wa timu ya mpira, nami nilikaa benchi nikimtukana kocha. Mikopo ile iliposimamishwa 2023, nilitembea mtaa mzima nikitangaza kwamba ndoto yangu imezimwa na vigogo. Mwaka uliofuata ikarudishwa. Ndipo ikabidi nikumbuke kwamba inatolewa kwa vikundi na mimi sikuwa na kikundi, na kwamba fomu sikuwahi kuichukua hata siku moja.

Wasomaji wa pembeni watasema huo ni uvivu. Hapana. Mvivu analala. Kisingizio alinifanyisha kazi usiku na mchana. Nilihudhuria semina za ujasiriamali hadi watoa chai wakanijua kwa jina. Nina vyeti vya kutosha kuezekea banda la kuku. Nilijua uhifadhi, ufungashaji, hatari ya sumukuvu kwenye karanga zilizoanikwa vibaya, na kwa sumukuvu peke yake nilipata miezi minane ya kutofanya lolote kwa sababu za kiafya. Mtu akiniuliza naendeleaje, nilikuwa na neno ambalo Watanzania tumelilea hadi likapevuka: najipanga. Angalia uzuri wake. Halisemi nimeshindwa, halisemi nimeanza. Linatoa picha ya mtu aliyezungukwa na mafaili. Nilijipanga miaka sita, na laiti ningekuwa tofali, leo ningekuwa ghorofa.

Na kalenda! Hakuna aliyeisoma kalenda kwa makini kama Kisingizio. Januari ada za shule zimekausha mifuko, nani atanunua siagi? Machi masika inaingia, barabara za kwetu zinakuwa mito. Ramadhani watu wanataka futari, siyo mkate wa kupaka. Julai hela yote iko Sabasaba, Agosti wakulima wako Nanenane, na mwaka wa uchaguzi Oktoba huanza Machi. Novemba si mwezi wa kuanzia jambo, maana mwaka umekwisha. Desemba wenzetu wa Kilimanjaro wamepanda mabasi kwenda kula sikukuu kwao, mji umebaki na sisi tusio na nauli. Ukijumlisha vizuri unabakiwa na siku tatu hivi mwezi Mei, na siku hizo nilikuwa na mafua.

Lazima nikiri kwamba mara moja nilimponyoka. Mwaka wa nne nilifungua kibanda cha vitu vidogo vidogo, sukari ya kupima, sabuni ya vipande, vocha, nia ikiwa kukusanya hela ya siagi. Kibanda kilienda. Wateja walikuja. Lakini kila nikifungua droo jioni, hela zilikuwa pungufu, na miezi mitatu baadaye rafu zilibaki na viberiti. Hapo Kisingizio akaja na zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kunipa. Alikuja kwa mdomo wa jirani, akanong'ona: chuma ulete.

Asiyekijua chuma ulete aulize mwenye duka yeyote. Inasemekana mtu anakulipa noti iliyofanyiwa mambo. Noti inaingia kwenye droo, inawakusanya wenzake, usiku inarudi nao kwa mwenyewe. Nilishauriwa niweke ndimu kwenye droo. Nikaweka. Hela zikaendelea kupungua, ndimu ikakauka. Nimewahi kuona wahasibu wengi, sijaona anayefunga hesabu haraka kama chuma ulete: haulizi risiti, hataki daftari, na anayeshukiwa ni kila mtu mtaani isipokuwa mwenye duka.

Sasa, ninyi mnaopenda hesabu mtaniharibia, lakini acha niseme. Mchana nilikuwa nachukua kwenye droo hela ya chipsi na soda. Elfu tatu, si kitu. Sikuandika, kwani nani anajiandikia deni kwenye duka lake? Siku thelathini ni elfu tisini. Miezi mitatu ni laki mbili na sabini elfu, na kibanda kizima nilikianza kwa laki mbili na nusu. Nilikuwa nikikiona chuma ulete kila asubuhi kwenye kioo, nikikipiga mswaki.

Hesabu hiyo sikuipiga mimi. Aliipiga shangazi.

Shangazi, dada yake marehemu baba, anauza mkaa na ni mweka hazina wa kikoba kinachokutana kila Jumamosi saa kumi chini ya mkungu karibu na kwake. Alinivuta nikaingia, na nilikubali kwa sababu nilidhani nakwenda kuchukua mkopo. Wasiojua mambo hayo wanadhani kikoba ni hela. Kikoba ni sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti, ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake hata akitokewa na malaika. Wanachama wamegawanywa makundi ya watano watano, wanaodhaminiana. Unanunua hisa kila wiki, unakopa hadi mara tatu ya hisa zako, na usipolipa, wale wanne wanajua nyumba yako ilipo, wanamjua na mama mkwe wako. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi vinasajiliwa, vimewekwa daraja la nne, daraja la mwisho chini ya mabenki na wakopeshaji wakubwa. Sijaona benki yenye macho kama ya daraja la nne.

Katika katiba yao, daftari la kurasa themanini lenye picha ya Mlima Kilimanjaro kwenye jalada, ndipo nilipokuta heshima ambayo sikutarajia mbia wangu angeipata popote. Imeandikwa: kuchelewa, shilingi mia tano. Simu kuita kikaoni, mia tano. Kutofika bila taarifa, elfu mbili. Kutofika kwa taarifa, elfu moja.

Nilisoma mara mbili. Miaka sita nilikuwa nikimgawa Kisingizio bure mitaani, kumbe ana bei! Elfu moja taslimu, nusu ya faini. Nilitokwa na machozi kwa fahari.

Fahari yangu ilidumu wiki tatu. Ilikuwa kawaida yao kila mwenye mkopo, nami nikiwamo, kusema mbele ya wote atafanya nini kabla ya Jumamosi ijayo, na shangazi kuandika. Nilisema nitanunua karanga kilo tano na kuzikaanga. Jumamosi ikafika.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Karanga?"

"Shangazi, mvua ile."

Akaandika: mvua. Akaandika na tarehe. Wiki ya pili nikasema tena mvua, kwa mazoea. Akalamba kidole, akarudisha ukurasa, akauliza wote kwa upole kama anayeuliza njia: "Jamani, wiki hii imenyesha?" Watu ishirini na tisa wakatazama vumbi miguuni mwao. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. "Basi niandike nini, mwanangu?" Nilifungua mdomo, nikamtafuta mbia wangu wa miaka sita, mwenye maneno kuliko redio. Hakuwapo. Nimekuja kugundua kwamba ana maradhi ya ajabu: hawezi kukaa kwenye karatasi yenye tarehe. Kwenye hewa anapaa kama tiara, kwenye daftari anakufa kama samaki.

Nikasema, "Andika sikununua tu." Akaandika hivyo hivyo. Nikalipa faini ya kutotimiza ahadi, na Jumatatu alfajiri nilikuwa Tandale nikichagua karanga, nikiwa na hasira na kila mtu.

Chupa kumi na mbili za kwanza zilitoka Ijumaa usiku. Mbili zilizidi chumvi. Nimezisingizia jiko, nisamehewe, ni mazoea ya zamani. Kumi walizinunua wanakikoba wenyewe, na mmoja alirudisha kifuniko akisema hakifungi vizuri. Siku hizi natoa chupa sitini kwa wiki, ambayo si habari ya gazeti, na bado kadi zangu za Mkurugenzi Mtendaji zinafaa kufutia sufuria.

Kisingizio yeye hajaondoka. Ananitembelea jioni, tunakaa kibarazani kama wastaafu, ananisimulia habari za dola na bei ya mafuta, na namsikiliza kwa mapenzi. Ila mwezi uliopita lilitokea jambo lililomdhalilisha mno, na sitakuwa msifu wa haki nikilificha. Nilishikwa na malaria, ya kweli, ya kutapika. Sikutuma taarifa kikaoni; sikuwa na nguvu ya kushika simu. Jumamosi jioni shangazi na wenzake watatu waliingia chumbani na uji, na bahasha kutoka mfuko wa jamii wa kikoba. Hakuna aliyeniuliza kitu. Baadaye niliona kwenye daftari, mbele ya jina langu, ameandika neno moja, Udhuru, na safu ya faini ameipiga mstari.

Nikaona hapa pana mlango. Wiki iliyofuata, karanga zikiwa bado guniani, nikaaga kwa simu mapema: shangazi, mwili bado. Nikatuma na kikohozi kidogo. Jumamosi ya tatu nilipofika, aliitikia shikamoo yangu vizuri tu, akarudisha kurasa mbili, akasoma tarehe ya malaria, akazihesabu siku kwa vidole hadi akarudia kidole gumba, kisha akaninyooshea kiganja.

Nikatoa elfu moja.