Boksi la Stelingi, Ufa na Ndizi Nyekundu

Boksi la stelingi lililong'oka nusu kwenye chesisi halimnyang'anyi dereva usukani. Humwachia usukani usio na habari na tairi. Dereva huzungusha kulia, boksi lenyewe hujisogeza upande wake, na tairi hubaki zikitazama mbele kana kwamba hazijaambiwa kitu. Jumamosi iliyopita, pale Mto wa Mbu, gari moja la porini lilitakiwa kukata kona liingie kituo cha mafuta, likaingia kwenye meza ya ndizi nyekundu, taratibu kabisa, kwa mwendo wa mtu aliyekwenda kusalimia. Hakuna aliyeumia isipokuwa mikungu minne, na mwenye gari aliilipia kwa bei ya mtalii. Mama mkwe wake, aliyekaa kiti cha mbele, alishuka, akafunga kitenge chake upya, akaita bodaboda, akaondoka bila kuaga. Hiyo ni dalili ya mwisho ya ugonjwa huu. Za mwanzo ni ndogo zaidi, na hazihitaji mashahidi.

Boksi la stelingi ni kipande kizito cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa chesisi kwa bolti tatu au nne. Usukani huzungushwa mara tatu na zaidi kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Mkono mfupi unaotoka chini ya boksi, katika safari hiyohiyo, husogea kama robo duara tu. Kinachopotea katika mwendo hurudi katika nguvu, na ndiyo maana mtu mwenye mikono myembamba huweza kugeuza tani mbili za gari. Pampu ya pawa stelingi ikiongeza msukumo wa mafuta, nguvu hiyo huzidi mara nyingi, na dereva hata haihisi.

Hapo ndipo Isaac Newton anapoingia chini ya bonneti. Mwaka 1687 alikwisha kueleza kwamba kila msukumo hujibiwa na msukumo ulio sawa, wa upande wa pili. Tairi ikibanwa kati ya mawe mawili na dereva akaendelea kukaza usukani, mawe hayasogei. Msukumo wote hurudi kwenye boksi, na boksi halina pa kuupeleka isipokuwa kwenye bolti zake na bati la chesisi linalozishika. Tairi kubwa kuliko zilizokuja na gari, zile zinazopendeza kwenye picha, huongeza mzigo huo bila kumwarifu mtu.

Chesisi haipasuki siku hiyohiyo. Chuma huchoka. Mhandisi wa reli wa Prussia, August Wöhler, alitumia sehemu kubwa ya miaka ya 1850 na 1860 kuchunguza kwa nini ekseli za treni zilikatika zikiwa hazijabebeshwa kupita kiasi. Aligundua kwamba mzigo mdogo, usioweza kuvunja chuma kwa mara moja, hukivunja ukirudiwa mara nyingi vya kutosha. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu kupita Engaruka hadi Ngare Sero inalijua somo hilo bila kumsoma Wöhler. Ufa huanzia ukingoni mwa tundu la bolti, mwembamba kama unywele, hufichwa na rangi na vumbi, kisha hutembea.

Kuupata hakuhitaji mashine. Gari liwe limesimama na injini inanguruma. Mmoja atikise usukani kushoto na kulia, mwingine alale chini atazame boksi. Likicheza dhidi ya chesisi hata kwa unene wa kucha, ugonjwa umepatikana. Kazi ya dakika moja.

Kabla ya Jumamosi ile, gereji tatu za Arusha hazikuwa na dakika hiyo. Ya kwanza ilibadilisha tairodi endi, ya pili ikabadilisha shokapu ya stelingi, ya tatu ikafanya alaimenti na kusifia tairi. Kila mara mwenye gari alieleza kwamba sauti ya "tak" ilitoka karibu na miguu yake, juu ya chesisi, si kwenye tairi. Kila mara aliambiwa, "Mama, kaa pale kivulini, tutaongea na kaka." Kaka mwenyewe alikuwa mdogo wake wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa uhasibu asiye na leseni, aliyekuja kwa sababu aliahidiwa chipsi. Alionyeshwa vyuma vilivyotolewa, akaulizwa maoni, akatikisa kichwa kwa hekima. Kwenye karatasi ya gereji ya pili iliandikwa: "Mteja anasikia sauti." Hiyo ni taarifa kuhusu masikio ya mteja, kuhusu gari haisemi neno. Laki saba na nusu zililipwa kutoka pochi ya aliyekaa kivulini, na bolti za boksi hazikuguswa na spana. Aliyeuona ufa ni kijana wa kuziba pancha jirani na meza ya ndizi. Alilala chini bila kuombwa, akasema, "Dada, hebu tikisa."

Kuimarisha huanza kwa kuondoa boksi, maana joto la kuchomelea huharibu mipira yake ya ndani. Rangi na kutu husagwa hadi chuma king'ae. Kisha hufuata hatua inayostahili kutazamwa hata na asiye na gari: chuma hupakwa mafuta ya taa, husubiriwa, hufutwa kikauke kabisa, halafu husuguliwa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa huanza kurudi juu na kuchora mstari wa unyevu kwenye weupe. Kwenye gari hili ulijitokeza mstari wa sentimita saba, na baada ya muda mfupi, nyuma yake, wa pili ambao hakuna aliyeushuku.

Mwishoni mwa kila ufa hutobolewa tundu dogo. Kutibu chuma kwa kukitoboa huonekana kama dhihaka, lakini ncha kali ya ufa ndiyo inayokusanya nguvu. Tundu la duara huitawanya. Ndipo ufa hupanuliwa kwa grenda na kuchomelewa. Chesisi ni tupu ndani, hivyo bolti ikikazwa kuta zake mbili hukaribiana kama kopo lililobanwa, na bolti hulegea tena. Dawa yake ni vipande vya bomba vinavyopita ndani na kuchomelewa kwenye kuta zote mbili. Juu ya chesisi hufuata bamba la milimita nne hivi. Likiwa nene mno, ufa utahamia pembeni yake. Ncha zake hukatwa zichongoke, kwa sababu mstari wa kuchomelea unaokata chesisi wima kutoka juu hadi chini ni ufa mpya unaosubiri tarehe. Mwisho, upau wa chuma huunganisha upande wa boksi na upande wa pili wa chesisi, boksi lisibaki kupigana peke yake.

Betri hutakiwa kufunguliwa kabla ya kuchomelea; haikufunguliwa, redio ikafa. Mkono wa boksi hutakiwa kuwekewa alama kabla ya kutolewa; haukuwekewa. Usukani sasa hukaa kichwa chini gari likienda moja kwa moja.

Magari mengi ya Kijapani ya porini hupigwa namba ya chesisi mbele kulia, na Tanzania usukani uko kulia, kwa hiyo boksi na namba hukaa upande mmoja. Askari aliyetaka kuiona namba Jumanne alioneshwa bamba jipya, zuri, lililopakwa rangi nyeusi. Alimwuliza kaka. Dirisha la ukubwa wa kiberiti lilikatwa katikati ya bamba jioni ileile, na pembe zake zikasagwa ziwe duara, kwa sababu ileile ya tundu la mwisho wa ufa.