Shangazi Anajibu: Mgeni, Mwenyeji na Sahani ya Pili

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Tanga, nimekuja Freiburg, Ujerumani, kujitolea mwaka mmoja katika nyumba ya wazee. Familia iliyonipokea ni watu wema, lakini nakufa njaa. Jioni mezani pana mkate, jibini, soseji baridi na tango la siki. Mama mwenyeji akiniuliza kama naongeza, nasema hapana asante, kama nilivyolelewa. Basi anafunika, anaondoa. Nifanyeje?*
Suruali Inanivuka

Marahaba mwanangu. Wa kulaumiwa ni bibi yako, aliyekufunza kwamba mgeni mwenye adabu hukataa mara mbili akakubali ya tatu. Huko hakuna ya pili. Ukisema hapana, mama wa watu anaamini una akili timamu na unalijua tumbo lako. Kukubembeleza ataona ni kukudharau. Leo jioni, hata kabla hajamaliza swali, sema ndiyo. Utaona haya siku mbili, kisha utanenepa.

Tena usikae ukisubiri ubwabwa wa usiku. Nyumba nyingi za huko, kwa desturi, chakula cha moto ni cha mchana, jioni ni mkate. Hujanyimwa kitu. Mchana uko kazini: wazee wanakula nini? Kama unaruhusiwa, kula nao, na ule kwelikweli. Halafu omba siku moja katika wiki upike wewe. Omba mapema, maana jiko lina ratiba, na ratiba imebandikwa kwenye friji. Dukani usishtuke ukikuta mchele umegawanywa katika vifuko vya gramu 125, vya kutumbukiza kwenye maji ya moto na kuopoa kama soksi. Kwa hesabu yao, kifuko kimoja kinatosha. Wewe chukua pakiti nzima, usimweleze mtu. Ila usiende Jumapili, maduka yamefungwa. Na harufu ya pilau isikutie wasiwasi: madirisha watayafungua wenyewe, hata Desemba, barafu ikiwa nje. Kupitisha hewa kwao ni kama ibada.

*Shangazi, jirani amenijia juu kwa sababu nilipeleka chupa tupu kwenye kontena Jumapili. Mbona nilikuwa nasaidia usafi?*
Mpenda Usafi, Leipzig

Ulikuwa unapiga kelele siku ya mapumziko. Chupa za vioo hutupwa siku za kazi, tena kwa rangi zake: nyeupe, kijani, kahawia. Na soma lebo kwanza. Chupa ya plastiki ya maji au soda yenye alama ya kurudishwa ina senti 25 za yuro ndani yake. Ipeleke kwenye mashine ya dukani. Muda wote huo umekuwa ukitupa nauli.

*Shangazi, nipo Moshi. Nimeletewa binti wa Kijerumani, anajitolea shule ya jirani. Shikamoo anawaamkia hadi watoto wa darasa la pili, hilo nimelizoea. Shida ni mezani. Nampakulia mtori, anasema ameshiba. Naongeza. Anasema ameshiba. Naongeza. Jana alilia.*
Mama Mkarimu

Mama mwenzangu, tangu mwaka 2008 mpango wa weltwärts wa serikali ya Ujerumani unawatuma vijana wao nje, na tangu 2013 unawapokea wa kwetu pia. Miaka yote hiyo hakuna aliyekaa chini akawaambia wenyeji wa pande zote mbili habari ya sahani ya pili. Huyo binti akisema ameshiba, ameshiba. Anakula mpaka mwisho kwa sababu kwao kubakiza chakula ni aibu, nawe unaona sahani tupu, unadhani bado ana njaa. Mtashindana hadi mmoja alazwe. Mpe sufuria na upawa, ajipakulie.

Na akijifungia chumbani saa mbili usiku hajanuna, anapumzika. Majirani wakikuuliza umemfanya nini, waambie hivyo. Wakikaidi, wapelekee huo mtori.

Barua za wiki ijayo zisizidi ukurasa mmoja. Wenye maswali ya mashine ya kuoshea vyombo mko 14, subirini zamu yenu.