Jinsi ya Kukodi Ukumbi Bila Kuuza Mtumbwi

Kanuni ya kwanza, na anayeivunja atalipa madeni mpaka Pasaka: bwana harusi asiende kuuliza bei ya ukumbi. Kijana aliyezama kwenye mapenzi hana uso wa kukataa kitu. Akiambiwa mapambo yanalipiwa peke yake, anaitikia. Akiambiwa mlinzi analipwa pembeni, anaitikia tena, na kushukuru juu yake. Mpeleke shangazi, tena yule shangazi aliyeuza samaki sokoni tangu ujana, ambaye akitajiwa bei hunyamaza kwanza, akatazama pembeni, ndipo akauliza: "Na ndani ya bei hiyo mna nini?"

Nawaandikia hasa watu wa Wagenia, hapo Kisangani ambako mto unashuka kwenye mawe ya mwisho ya maporomoko ya Boyoma na wavuvi wamesimika miti yao katikati ya maji yanayokwenda mbio. Harusi ya huku ina mahali pengi pa kwenda: lupango, yaani ua wa nyumbani, kando ya mto, ukumbi wa parokia, baa inayofungwa siku moja kwa ajili yenu, ukumbi wa hoteli kule Makiso, au kwa ndugu walioko Lubunga, ng'ambo. Kila mahali pana bei inayotamkwa na bei inayokufuata nyumbani baadaye. Hii ya pili ndiyo inayowafanya maharusi waanze maisha wakipita njia za uani ili wasikutane na wanaowadai, nami sioni sababu watu wawili wanaopendana waanze hivyo.

Kabla ya kutembelea ukumbi wowote, hesabu sherehe zenyewe. Kwetu Kongo ndoa moja hudai mahali mara tatu au nne: siku ya mahari kwa wakwe, siku ya komini mbele ya ofisa wa hali ya kiraia, ibada kanisani, kisha karamu ya usiku. Familia hukaa kikao kirefu kuhusu karamu peke yake, na zile nyingine zinakula pesa kimyakimya: viti vya siku ya mahari, pikipiki za kwenda komini, soda za mashahidi. Sheria haidai hayo. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwezi wa Julai 2016, inataka mahari itolewe, walau sehemu yake, kabla ndoa haijafungwa, na inasema wazi kwamba mahari yenyewe inaweza kuwa ya ishara tu. Inaitambua ndoa iliyofungwa katika familia kwa desturi kisha ikaandikishwa, na inaitambua iliyofungwa mbele ya ofisa. Vitambaa vya satini havimo. Keki ya ghorofa tatu haimo. Kwa hiyo mjomba akisema bila ukumbi wa mjini hakuna ndoa, mwambie kwa heshima zote: "Mjomba, ndoa ipo. Zitakazopungua ni picha." Na kama wakwe wanakubali, fanya mahari na karamu siku moja, mahali pamoja. Viti vilevile, bashi (turubai) lilelile, sufuria zilezile. Hakuna ujanja mwingine katika mwongozo huu utakaokuokolea pesa nyingi kuliko huo.

Sasa twende hotelini. Ukumbi wa hoteli unatisha kwa sababu bei yake imeandikwa kwenye karatasi, na mimi nausifu kwa hilo hilo: deni unaloliona unaweza kubishana nalo. Lakini soma mpaka chini. Uliza muziki unazimwa saa ngapi, na kila saa ya ziada inalipwa vipi. Uliza kama mnaruhusiwa kuingia na vinywaji vyenu au kila chupa mtakayoleta itatozwa mlangoni. Uliza nani anasafisha. Uliza dhamana inarudishwa siku gani, na nani atakagua viti na glasi kabla ya kuirudisha. Mkaguzi akiwa peke yake, glasi huvunjika zaidi. Halafu dola. Hoteli inataka noti safi, na nchini kwetu noti yenye mpasuko wa upana wa punje ya mchele hairuhusiwi kuitwa pesa. Michango ya ndugu inakuja imekunjwa mara nne, nusu yake faranga, na kiwango cha kubadilishia hakikai mahali pamoja wiki nzima. Zile noti nzuri chache mlizo nazo ziwekwe kando kwa ajili ya ukumbi, zisiguswe na mtu wa keki.

Kuhusu umeme nitasema kwa sauti kubwa kidogo. Kisangani inapata umeme kutoka bwawa la mto Tshopo, lililojengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya mji mdogo kuliko huu tulio nao. Umeme wa shirika la SNEL unagawanywa mtaa kwa mtaa, na mgao haumjui bibi harusi. Mwenye ukumbi atakuambia: "Grupu lipo." Usifurahi. Kuwapo kwa grupu, yaani jenereta, ni habari ya chuma. Wewe unataka habari ya mafuta. Grupu la kVA 10 lenye mzigo wa kawaida hunywa lita 2 hadi 3 za mazuti kwa saa. Karamu ya kwetu inaanza saa 12 jioni kwenye kadi, na watu wanatoka alfajiri. Muda wa saa 12 ni lita 24 hadi 36, yaani bidoni moja ya lita 20 iliyojaa, na nyingine ya kuanza. Nani anazileta? Zikiisha saa 8 usiku, nani anakwenda kutafuta nyingine, kwa pikipiki ya nani? Nenda ukumbini siku ya kawaida, omba grupu liwashwe, kisha washeni friji, taa na spika kwa pamoja. Taa zikififia muziki ukipanda, umeshajua utakachopata usiku wa harusi.

Baada ya hapo watu husema: basi tufanye nyumbani, nyumbani ni bure.

Hapa ndipo naomba uketi, kwa maana neno "bure" limewafilisi watu wengi kuliko hoteli zote za Makiso. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mvua hainyeshi msimu, inanyesha mwaka mzima, zaidi ya milimita 1,600, na Oktoba na Novemba hazina huruma. Januari na Februari zina nafuu kidogo, lakini nafuu haimaanishi ukavu. Kwa hiyo lupango linahitaji bashi, bashi linahitaji miti, miti inahitaji kamba na mikono. Watu wa Wagenia hawatafutiwi fundi wa kusimamisha miti. Ni watu wanaosimika nguzo kwenye mashimo ya mawe huku maji yanawapiga viunoni, wakazifunga kwa kamba za msituni mpaka ziwe jukwaa, kisha wakaning'iniza juu yake mitego mikubwa yenye umbo la pembe, mdomo wazi ukielekea maji yanakotoka. Bashi la harusi kwao ni kazi ya asubuhi moja. Lakini asubuhi hiyo hawako mtoni. Mtego usioinuliwa siku hiyo hauleti samaki, na samaki wasioletwa hawauzwi. Wanaume kumi wakifunga bashi, kesho yake wakabeba viti, keshokutwa wakalifungua, hizo ni siku tatu za mto. Ziandike kwenye daftari pamoja na sukari na chumvi. Zina bei, na bei yake inajulikana na kila mwanamke anayengoja samaki ufukweni ili apeleke sokoni.

Vivyo hivyo wale samaki wenyewe. "Samaki tunao," baba wa bwana harusi atasema, na kifua kitamjaa. Tunao, kweli. Ila kapiteni mkubwa anayeingia kwenye sufuria ya harusi ni yuleyule ambaye wiki hiyo angelipa ada ya shule. Mpe nafasi yake kwenye bajeti kwa bei ya soko, hata kama hakuna atakayetoa pesa. Faida yake ni hii: familia nyingine ikijigamba kwamba imelipa ukumbi wote, mtajua nyinyi mmeweka nini mezani, kwa tarakimu.

Na sasa wanawake. Nyumbani hakuna mpishi wa kulipwa, kuna mama mdogo, mama mkubwa, shangazi, mashemeji na majirani. Nimekaa karibu na jiko la harusi nikaangalia. Mmoja anatwanga sombe tangu kabla jua halijatoka, mkono wa kulia ukichoka anahamia wa kushoto, habadilishi mdundo. Mwingine amekaa juu ya bidoni iliyogeuzwa, anamenya makemba ya lituma, maganda yamemfunika miguu na vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu ambao hautatoka kwa sabuni ya siku hiyo. Watatu wanakwenda maji na kurudi. Moshi unawaliza wote. Tuseme ni wanawake 8 kwa siku 3: hizo ni siku 24 za biashara iliyofungwa, katika nyumba ambazo mara nyingi ndiyo biashara inayolisha watoto. Usiku wa karamu wao ndio wanaokula mwisho, wamesimama, nguo zinanuka kuni, wakati mtu aliyechangia chupa mbili za bia anatajwa jina kwenye kipaza sauti. Hilo silikubali na sitalikubali. Ukichagua lupango, weka fungu la wapishi kabla ya fungu la mapambo: pesa ya siku zao, kitenge cha kiwanda cha Sotexki kama wanavyopewa ndugu wengine wa sare, msaidizi wa kuchota maji, na meza yenye majina yao. Ukiona fungu hilo linafanya nyumbani kuwe ghali kuliko ukumbi wa parokia, basi nyumbani ni ghali kuliko ukumbi wa parokia. Ulikuwa hujui tu.

Ukumbi wa parokia sina mengi ya kusema juu yake. Kwa kawaida ni bei ya wastani, una viti vyake, una choo. Uliza mapema kuhusu bia na kuhusu saa ya kufunga.

Baa inavutia kwa sababu wanakuambia hawatozi ukumbi, mradi mnunue vinywaji kwao. Kaa chini upige hesabu. Wageni 200, chupa mbili kubwa kila mtu, ni chupa 400. Kreti lina chupa 12. Hayo ni makreti 34. Ongezeko dogo kwenye kila chupa, lile ambalo mtu mmoja akinywa peke yake halioni, likizidishwa mara 400 linaweza kuwa kodi ya ukumbi mzuri. Linganisha bei yao na ya depo, chupa kwa chupa, ndipo utajua kama ukumbi ni bure. Tena kuna chupa tupu. Chupa ikipotea inalipwa, na usiku wa harusi chupa zina miguu: mtoto anachukua ya kuwekea mafuta ya mawese, jirani anachukua mbili. Teua mtu mmoja asiyekunywa, apewe daftari na chumba chenye kufuli, na mtu wa depo ahesabu mbele yake wakati wa kuingiza na wakati wa kutoa.

Lubunga nayo. Eneo la huko ni rahisi, na ndugu wana kiwanja kikubwa. Lakini Kisangani haina daraja juu ya mto mkubwa. Kila mgeni wa upande wa kulia atavuka kwa mtumbwi au kwa feri, kwenda na kurudi, na nauli hiyo haitaonekana kwenye bajeti yako kwa kuwa umeihamishia mifukoni mwao. Wazee hawatavuka usiku, na wasilazimishwe. Watalala, watahitaji mikeka, vyandarua na chai ya asubuhi. Ukiamua Lubunga, anzeni mchana, mmalize jua likiwa bado juu. Harusi ya mchana ni nzuri. Inakata mazuti, inakata chupa, na bibi kizee anarudi kwake salama.

Baada ya kuzunguka kote huko, chukua ukurasa mmoja kwa kila mahali, uandike vitu vilevile kwa mpangilio uleule: kodi, viti, bashi, mafuta, maji, wapishi, vinywaji, ulinzi, nauli za wageni, siku za kazi zilizopotea. Palipo wazi pajazwe, hata kwa makadirio. Gawanya jumla kwa idadi ya wageni, na idadi iwe ya watakaokuja kweli. Kadi moja iliyoandikwa "Bwana na Bibi" kwetu huja na watu wanne, na vijana wa protokole hawana moyo wa kumrudisha mtoto aliyevaa viatu vipya. Ukiona kila mgeni anawagharimu wiki mbili za chakula cha maharusi wenyewe, punguzeni wageni kabla ya kupunguza chakula. Na malipo ya kwanza ya ukumbi yatoke kwenye pesa iliyokwisha kuingia. Ahadi ya kikaoni, hata ikitolewa na mjomba aliyesimama na kupigiwa makofi, haikodi kiti. Zamu yako ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, ihesabiwe siku utakayoishika mkononi.

Kesho yake asubuhi, kabla wasaidizi hawajatawanyika, rudi ukumbini na shangazi yuleyule. Hesabuni viti, hesabuni glasi, chukueni dhamana hapo hapo. Pesa hiyo isirudi kwa kamati na isinunuliwe vinywaji vya kuwashukuru walioshukuriwa usiku kucha. Apewe bibi harusi, mkononi, kwa kuwa leo hii ana nyumba ya kuanza na makaa bado hajanunua.